Kiangazi Tulichokaa Mau kwa Mama Chebet

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Nakuru alikuwa akitayarisha vibuyu vya mursik, yale maziwa yaliyogandishwa, kwa ajili ya harusi ya kijana wake. Alichoma kijiti, akakisugua na kaa lake ndani ya kibuyu mpaka ukuta ukawa mweusi, na ile harufu ya moshi mtamu ikavuka ua ikanikuta jikoni. Nilishika meza. Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini harufu hiyo hunitia hofu kwanza, ndipo baadaye hunipa hamu ya maziwa.

Ngojeni niwaeleze, msije mkafikiri nina wazimu.

Mama yangu alikuwa Mkikuyu. Baba alikuwa Mluhya, fundi wa reli, nasi tuliishi chumba kimoja kwenye landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Ilikuwa ile miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikipambana na wapiganaji wa uhuru, miaka ambayo watu wazima waliitaja kwa sauti ya chini. Wakikuyu wa upande wetu walikuwa wakikusanywa na kupakiwa kwenye malori, wanapelekwa kambini, na kuolewa na mtu wa kabila lingine hakukuwa kinga. Mwanamke mmoja wa landi ya pili alichukuliwa mikono yake ikiwa bado na unga wa ugali. Mimi niliyajua haya nusu nusu, kama watoto wanavyojua mambo. Lori nililijua na nililiogopa. Kwa nini lilikuja, sikujua.

Asubuhi moja baba akasema mimi na mama tunakwenda kutembelea marafiki wa zamani, Mama Chebet na mumewe. Hawa walikuwa Wakipsigis. Mama na Mama Chebet walichuma maua ya pareto pamoja kwenye shamba la mzungu karibu na Njoro wote wakiwa maharusi, wakagawana chumvi na umbea kwa miaka. Kila kiangazi, nyasi za chini zikikauka, familia ile ilipandisha ng'ombe milimani Mau, ikajenga vibanda ukingoni mwa msitu na kukaa huko mpaka mvua irudi. Baba alipenda kutania kwamba wazungu wanakwenda Mombasa kupunga upepo, na ng'ombe wa Baba Chebet wanakwenda Mau.

Siku hiyo hakutania. Pale stesheni aliinama akanishika mabega.

"Sikia, Nasimiyu. Kuanzia sasa usimwite Maitu mbele ya watu. Hilo neno limeze."

Maitu ni mama kwa Kikikuyu, na sikuwa na jina lingine la kumwita. Nikalimeza. Lilinikaa kooni kwenye behewa lote la daraja la tatu, na mama, ambaye kwa kawaida hakuweza kumenya hata kiazi bila kuimba, hakufungua mdomo mpaka tukashuka.

Tulipanda mlima kwa miguu hadi jua likaegemea magharibi. Mau ya siku zile haikuwa na huruma kwa mtoto wa landi. Ukungu ulitembea kati ya mianzi, na mbega walinguruma juu ya miti kwa sauti ambayo haikufaa kabisa kutoka kwa nyani. Nilikuwa nimezoea mluzi wa treni na kelele za majirani wakigombania bomba. Hapo juu palikuwa kimya, na kila kitawi kilichovunjika nilidhani ni mtu.

Kisha nikamwona Mama Chebet. Alikuwa mwanamke mkubwa, masikio yake yametobolewa na kuvutwa mpaka yakagusa mabega, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde lingine. Alimkumbatia mama kwa muda mrefu. Halafu akanigeukia mimi na wembe.

"Wewe toto, kuja hapa. Leta kichwa."

Akanyoa nywele zangu zote. Akanipaka samli, akanivua gauni langu la Krismasi na kunivika ngozi laini ya mbuzi na shanga shingoni. Mama alikaa kwenye gogo akitazama. Kazi ilipokwisha, Mama Chebet akampa kibuyu kizima cha mursik, na mama akakipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Basi nikaelewa yote. Nilikuwa nimeuzwa, na ile ndiyo bei yangu.

Mnaweza kucheka, hata mimi hucheka siku hizi. Lakini sijawahi kuogopa vile tena maishani, na nimezaa, nimezika, nimepitia mengi. Siku zilizofuata nilimfuata mama kila hatua, nikihofia kwamba nikipepesa macho ataondoka. Watoto wa pale walinifundisha kukama mbuzi na kumwita Mama Chebet "Eiyo", yaani mama. Niliwajibu kwa kununa. Niliona wameshapewa maagizo.

Kulikuwa na kibanda kimoja ambacho hata Baba Chebet alikipita kwa mbali, uso ameugeuza upande mwingine. Mke wa mwanawe mkubwa alikuwa amejifungua humo karibuni, na kwa mila yao mwanamume haingii kwa mzazi mpaka siku zake ziishe. Mume mwenyewe alikuwa akiulizia hali ya mtoto akiwa amesimama zizini, kama mtu anayeulizia nauli.

Mchana mmoja mbwa walibweka kwa namna nyingine. Mama Chebet aliacha kibuyu alichokuwa akisafisha, kaa likaanguka likafuka moshi nyasini. Hakupiga kelele. Alimshika mama mkono, akamwinamisha, akamsukuma ndani ya kile kibanda. Mimi nilikimbilia mlango, akanivuta nyuma na kunibana mguuni pake.

Wakatokea kwenye ukungu: afisa mzungu, kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua, na askari wawili wenye bunduki. Walipekua kibanda baada ya kibanda, wakimwaga nafaka na kupindua ngozi. Miguu yangu ililowa mkojo. Neno lile nililolimeza stesheni lilikuwa limepanda mpaka kwenye meno.

Mzungu akainama mbele yangu. "Toto, mama yako iko wapi?"

Nilimtazama. Nikatazama mlango wa kibanda. Halafu nikalishika paja la Mama Chebet kwa mikono yote miwili, nikaficha uso, nikalia kwa nguvu zangu zote: "Eiyo! Eiyo!"

Mzungu akanyooka, akaelekea kwenye kile kibanda. Askari mmoja, Mkipsigis, akamwahi akasimama mlangoni.

"Hapana, bwana. Hapa iko mama na mtoto mchanga. Mwanaume haiwezi ingia."

"Ondoka!"

"Hata mwenye mke haingii, bwana. Hata mimi siwezi." Hakusogea.

Ndipo mtoto mchanga akalia ndani. Mzungu akawa mwekundu hadi shingoni, akasema jambo kwa Kiingereza, na wote wakarudi walikotoka.

Hatukuondoka Mau mpaka mvua. Nilikuja kuwa mkubwa kabla sijaelewa kwamba nywele zangu zilinyolewa ili nionekane mtoto wa pale, na kwamba kama mama angepatikana, Mama Chebet angepoteza ng'ombe wake wote, mumewe angefungwa, na vibanda vingechomwa. Alilijua hilo alipokuwa akinoa wembe. Mimi niliona tu masikio.

Kipande cha mwisho cha kisa hiki mama aliniambia akiwa mzee, tukimenya njegere kibarazani. Nilikuwa nikijisifu, kama kawaida yangu, jinsi nilivyokuwa mwerevu siku ile.

"Nilikuwa nimefunikwa ngozi," akasema, "nikakusikia unamwita mtu mwingine mama. Nikaanza kuinuka."

"Kuinuka uende wapi?"

"Nije nikuchukue."

"Mbele ya polisi?"

"Sikuwaza polisi. Yule msichana aliyejifungua, na maumivu yake yote, akaona siwezi kuzuilika. Akamtoa mtoto kwenye titi akamlaza juu ya kifua changu, kwa nguvu, ili nisiweze kusimama bila kumwangusha. Ndiyo sababu mtoto alilia."

Akaendelea kumenya. Mimi njegere zilinitoka mkononi, zikasambaa sakafuni, na sikuziokota.