Piga Pole Pole

Siku yangu ya kwanza kazini, katika bendi iliyopigia hoteli moja mjini Nyeri, sikuruhusiwa kugusa gita. Kiongozi wa bendi, ambaye sote tulimwita Kapteni, alinibebesha spika na kuniambia nisikilize. Nilichukia. Mikono iliniwasha, na mpaka leo haijatulia.

Nilipopewa gita la umeme, shida ikahamia nyumbani. Nilipanga chumba cha mbao, na jirani yangu alikuwa Koplo wa polisi kutoka magharibi, mtu wa zamu za usiku. Mimi nilifanya mazoezi mchana; yeye alilala mchana. Aligonga ukuta mpaka akachoka, akaja mlangoni macho mekundu.

"Bwana ya gita, sikukatazi. Lakini piga pole pole. Ama niongee na mwenye ploti akutoe."

Nikapunguza sauti ya amplifaya, na bila kujua nikapunguza mkono pia. Niligusa nyuzi kama mtu anayepapasa mayai. Tulipoenda Wang'uru kupiga dansi baada ya mavuno ya mpunga, gita langu lilimezwa na ngoma. Kapteni aliniita kando.

"Mkono yako iko wapi? Ati unaogopa nyuzi zitaamka? Tukifika dansi ya Kianyaga bado uko hivyo, unarudi kubeba spika."

Roho yangu haikutulia tena. Nikiongeza sauti, nakosa chumba. Nikipunguza, nakosa kazi. Nilizunguka chumbani, nikishika gita na kuliweka. Mwishowe nilimweleza Kapteni habari za Koplo. Alicheka mpaka akaketi.

"Huyo polisi ni mwalimu kunishinda. Pole pole ni ya mwendo, si ya nguvu! Tembea pole pole, lakini kanyaga."

Nikaanza upya. Mkono ulipiga kwa nguvu za jukwaani, wimbo ukaenda taratibu, na kilichoshuka ni sauti ya amplifaya peke yake. Besi niliipunguza, maana sauti nzito ndiyo hupenya mbao na kumfikia aliyelala. Amplifaya niliitoa sakafuni nikaiweka kwenye kiti, juu ya blanketi lililokunjwa, ikinielekea usoni. Sauti ndogo ikiwa karibu na sikio haipotezi utamu wake. Nyinyi vijana mna hedfoni. Ni nzuri, ila hudanganya: mguso dhaifu masikioni husikika kama wenye nguvu.

Kianyaga nilipiga. Kapteni hakunisifu, lakini spika zilibebwa na mtu mwingine.

Koplo alipohamishwa, alikuja mlangoni mizigo yake ikiwa tayari nje. "Bwana ya gita, nimekusikia vipande vipande. Leo piga yote. Na usipige pole pole!" Nilipiga mpaka mbao zikatetemeka, naye akasimama pale akiitikia kwa kichwa.

Sasa nimestaafu, niko Wamagana, na jirani wa karibu yuko ng'ambo ya shamba la majani chai. Mke wangu huniambia, "Baba, ongeza sauti, hakuna unayemsumbua." Naongeza. Nasimama, naketi, napunguza tena. Nikimaliza wimbo najikuta nimegeukia ukuta, nikingoja. Hakuna wa kugonga, na hilo ndilo linaloninyima raha.