Kondoo Mlangoni kwa Bi Yamna

Bi Yamna hajui kukaa akaegemea kiti. Hukaa ukingoni, kama mtu aliyeitwa mahali na anangoja kuambiwa habari mbaya. Tangu nianze kupika katika nyumba yake ya wasichana sijamwona akinywa chai ikiwa bado ya moto. Akisikia viatu uani anaweka glasi chini, anauliza, "Nani huyo?" Hata akijibiwa hatosheki mpaka auone uso.

Wasichana wanaolala hapa wakisoma shule ya mjini wanatoka vijiji vya juu mlimani, ambako shule inaishia darasa la sita. Mimi ni wa huko huko. Wakati wangu nyumba hii haikuwepo, kwa hiyo nilimaliza la sita nikarudi kwa mbuzi, kisha nikaolewa, kisha nikampata Titrit, ambaye siku ninazozisimulia alikuwa bado ananyonya na nilipika naye mgongoni. Mume wangu yuko kwenye ujenzi mbali huko pwani.

Baba akimleta binti yake, haangalii vitanda wala choo. Anamtazama Bi Yamna tu. "Nimekuachia," anasema. Bi Yamna anajibu, "Nimempokea," na ukimwangalia vizuri utaona koo linapanda na kushuka. Ndiyo kazi yake hiyo, kulimeza neno lile kwa kila msichana, kisha kuishi nalo mpaka kiangazi. Supu anaionja yeye kwanza. Jioni anaita majina mlangoni mwa kila chumba na hafungi mpaka kila mmoja aitikie kwa sauti yake mwenyewe. Mvua ikinyesha anakwenda kusimama darajani mpaka wa mwisho avuke, maana alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na mto ulimchukua.

Juu ya kifo hicho watu wa mji wana maneno yao. Mwaka ule mtu mmoja alimchinjia kondoo mume wa Bi Yamna mlangoni, akiomba arudishiwe zamu yake ya maji ya shamba. Kwetu mtu akikuchinjia mlangoni amekutupia aibu. Ukimnyima anachoomba, damu ile inabaki kwako na kwa watoto wako. Mume alikuwa na kiburi, akairuka damu akaenda zake sokoni. Kabla ya mavuno mto ukajaa. Bi Yamna hajawahi kusema kwamba ni kwa sababu hiyo. Wala hajawahi kusema kwamba si kwa sababu hiyo.

Basi mfikirie siku Haddu aliposhuka na kondoo wake.

Ilikuwa mchana, theluji inadondoka kutoka kwenye mapaa, wasichana wako shule na Bi Yamna yuko sokoni. Nilisikia kwato uani nikatoka. Haddu ni baba yake Tuda, mtu mpole, mabega yameinama. Mara mbili alikuwa amekuja kumchukua binti yake, na mara zote mbili Bi Yamna alimkalisha, akamsemesha, naye Haddu akarudi mlimani peke yake. Safari hii alikuwa amempakia kondoo dume juu ya nyumbu, miguu imefungwa. Nikadhani ni zawadi.

"Karibu, baba Tuda. Ngoja nichemshe chai."

Alimshusha yule kondoo, akamlaza kizingitini, akamwelekeza kibla, akataja jina la Mungu, na kisu kikapita.

"Baba Tuda! Unafanya nini hapo mlangoni?"

"Nisamehe, binti yangu. Mwambie Bi Yamna mama yangu haoni tena. Hakuna wa kuteka maji, hakuna wa kukamua. Namtaka Tuda. Siku ya soko ijayo naja kumchukua."

"Si umwambie mwenyewe? Anarudi sasa hivi."

"Nikimwambia atanishinda kwa maneno." Akafuta kisu kwa theluji. "Hilo nililoacha hapo halina maneno."

Nilimkimbilia nimzuie, na mguu wangu ukaingia katika kitu cha vuguvugu. Nikatazama chini. Damu. Na Titrit alikuwa mgongoni.

Bi Yamna alirudi na kapu la kabichi. Alipofika uani kapu likamtoka mkononi, kabichi zikabingirika mpaka ukutani. Asiiruke damu, alizunguka nyumba, akafungua dirisha la jikoni kutoka nje, na yule mama mnene, na joho lake zito la jalaba, akaingia kwa dirisha. Nilimvuta mikono. Ilikuwa baridi kama ya maiti.

Wasichana waliporudi nao tukawaingiza kwa dirisha. Kondoo tulimning'iniza bandani kwenye kuni, tukamfunika gunia, na Bi Yamna akakataza mtu yeyote kumgusa. Izza, ambaye hawezi kukaa na jambo kimya, akachungulia bandani akasema, "Laana yenyewe ina mafuta hivi? Mimi nilaaniwe na mbavu mbili!"

"Funga mdomo, Izza!"

Hakuna aliyecheka. Tuda alikwenda kitandani kwake akaanza kukunja blanketi.

"Unafanya nini?" Bi Yamna akamuuliza.

"Nafungasha, mama. Nisije nikawaletea balaa."

"Rudisha blanketi."

Jioni ile mwili wa Titrit ukapanda joto. Alikataa ziwa. Nilimpeleka kwa nesi wa jirani, akampa dawa ya maji, akasema ni meno. Niliporudi Bi Yamna alikuwa jikoni, akanitazama miguu.

"Uliikanyaga?"

"Niliikanyaga."

"Na mtoto yuko mgongoni?"

"Yuko mgongoni."

Akakaa juu ya gogo la kuni. Nilitaka kumwambia, mwache Tuda aende, mwache aende kesho asubuhi. Neno lilifika kwenye meno. Lakini Tuda alikuwa amesimama pale pale, anachovya kitambaa kwenye maji na kumwekea mwanangu kwenye paji la uso, na alikuwa akimkariria kitu cha shuleni, majina ya mifupa ya mwili, kama wimbo wa kubembeleza. Nikanyamaza.

"Nikimtoa, Tuda amekwisha," Bi Yamna akasema polepole, kama anaiambia sufuria. "Hatarudi tena huku chini. Nikimzuia…" Akamtazama Titrit, hakumaliza. Kisha akanigeukia mimi, akauliza, "Hadda, yule bibi yake Tuda bado ana jiwe la kusagia?"

"Kila nyumba ya juu ina jiwe."

"Kesho tunapanda. Wewe unajua njia, na mbwa wa kule wanakujua."

Asubuhi joto la Titrit lilikuwa limepungua, halikuwa limeisha. Nilimfunga kifuani ndani ya nguo. Gari la unga lilitufikisha mwisho wa barabara, tukatembea kwenye theluji. Bi Yamna hakusema lolote njiani ila, "Anapumua?" Nami kila mara nilimjibu anapumua, baada ya kuhakikisha kwanza.

Haddu alikuwa malishoni. Bibi Itto, mama yake, alikuwa peke yake karibu na moto, macho yake yamekuwa meupe. Bi Yamna aliingia bila salamu, akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, akashika ule mpini wa mti kwa mikono miwili, akaanza kulizungusha. Jiwe tupu likanguruma.

"Nani anasaga jiwe langu bila shayiri?" Bibi Itto akauliza.

"Mgeni, mama."

"Mgeni gani hana hata salamu? Achia, utalimaliza!"

"Siachii."

Hapo bibi akaelewa. Mtu akilishika jiwe la nyumba, watu wa nyumba hawana tena ruhusa ya kumkatalia, la sivyo unga wao wenyewe utawageukia.

"Sema upesi basi, mwanamke, kabla hujanivunjia nyumba."

"Ni Yamna wa nyumba ya wasichana. Mwanao amenichinjia mlangoni."

"Haddu? Amechinja yupi?"

"Dume, pembe yake moja imevunjika."

"Mjinga yule! Si ndiye dume wetu wa mbegu!" Akapiga paja. "Haya, unataka nini?"

"Tuda. Mpaka mtihani wa kiangazi uishe."

"Na mimi ninywe nini? Theluji?"

Mlango ukafunguka. Haddu akasimama na theluji mabegani, kisu chake kiunoni, akaiona mikono ya Bi Yamna kwenye jiwe.

"Umenifanyia hivi, Bi Yamna?"

"Wewe ndiye ulianza, kaka yangu."

"Toa mikono."

"Mpaka mama aseme."

Akapiga hatua moja ndani. Ni mtu mpole, ninamjua tangu utoto wangu, lakini uso aliokuwa nao sikuujua. Nikarudi nyuma mpaka ukuta ukanizuia. Nadhani nilimbana Titrit, maana alilia.

"Mtoto wa nani huyo?" Bibi Itto akauliza. "Nipeni."

Nikampa. Akampapasa kichwa, akashusha vidole shingoni. "Ana joto."

"Nilikuwa naye mgongoni nilipoikanyaga damu," nikasema.

Bibi akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Haddu. Ulichinja penye mtoto?"

"Sikumwona, mama. Wallahi sikumwona."

"Na mimi ndiye nisiyeona." Akanirudishia mtoto kwa uangalifu kama anayerudisha chombo cha watu. "Achia jiwe, Yamna. Abaki mpaka kiangazi. Wewe Haddu, maji utateka mwenyewe."

"Mwanamume ateke maji? Watanicheka kisimani."

"Wakucheke. Mimi nitacheka wa kwanza, ijapokuwa sikuoni."

Bi Yamna akaachia. Vidole havikunyooka upesi. "Na damu, mama?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Neno la mwanangu nimelirudisha. Damu sijui, damu ina mwenyewe. Nyama wapeni wasichana. Wewe usionje."

Haddu hakusema amekubali. Alitutolea nyumbu tu, akaongoza kamba mbele yetu mpaka barabarani, bila kugeuka nyuma.

Jino la Titrit lilitoka, jeupe, dogo kama punje ya mchele, na joto likaisha. Nyama ililiwa, Izza akapata mbavu zake mbili. Kizingiti nimekisugua kwa majivu, kisha kwa chumvi, na wasichana wanapita hapo wakikimbia kama zamani. Bi Yamna bado anaingia kwa dirisha la jikoni. Nimemwekea kigoda nje, hatukukizungumzia. Jioni anasimama mlangoni mwa chumba cha pili anaita, "Tuda," na Tuda anaitikia, "Nipo, mama." Anangoja kidogo. Anamwita tena.