Mwambie Kuka Aachilie

Mtoto wa kwanza niliyemfundisha kuogelea hakuwa na jino hata moja. Nilikuwa yaya kwenye shamba la wazungu nje ya Kitale, njia ya kwenda Saboti, na nyuma ya nyumba palikuwa na bwawa la kunyweshea ng'ombe. Memsabu aliliogopa bwawa lile kuliko chui. Mtoto wa jirani yao alikuwa amezama kwenye bwawa kama hilo, na tangu hapo memsabu alinifuata huku na huko akiniuliza mtoto wake yuko wapi, hata nikiwa nimembeba mgongoni na yeye anamwona. Mimi sina subira na maswali ya aina hiyo. Siku moja nikamwambia, "Memsabu, hii maji haiendi mahali. Wacha mtoto ajuane nayo."

Nilidhani atanifukuza kazi. Alinikodolea macho, akasema, "Haya. Lakini mimi nitakaa hapo."

Mimi nilikulia kando ya mto, na sikumbuki nilijifunza kuogelea lini, kama nisivyokumbuka nilijifunza kutafuna lini. Lakini mtoto mchanga hufundishwaje? Hakuna aliyewahi kuniambia. Nilianzia jikoni, kwenye beseni la bati, kwa maji ya uvuguvugu, maana asubuhi za Kitale zina baridi ya kuuma mifupa. Nikamlaza chali, kiganja changu chini ya kisogo chake, masikio ndani ya maji, nikawa namwimbia. Akakunja ngumi, akakunja na uso, halafu taratibu akakunjua kila kitu. Nikaona kwamba nikikaza mkono, naye anajikaza, nikilegeza, analegea. Nikimpulizia usoni anafumba mdomo na kuzuia pumzi, na hapo ndipo unapoweza kumtia majini kidogo na kumtoa kabla hajajua kukasirika. Mpishi alisimama mlangoni na mwiko wake. "Ati sasa unafundisha mtoto kuwa chura?" Nikamwambia aangalie maziwa yake, yanamwagika. Yalikuwa yanamwagika kweli.

Jua lilipokuwa kali tuliingia bwawani. Siku mtoto yule alipoelea peke yake, macho yakitazama mawingu kama mzee aliyeshiba, memsabu alilia mpaka kofia ikamwanguka. Habari zikaenea mashambani. Jumamosi akina memsabu wakawa wanakuja na vitoto vyao, wanaketi kwenye viti vya turubai ukingoni wakitafuna kucha, nami niko majini hadi kifuani nikiwaambia wanyamaze. Nilipenda sana kuwaambia wanyamaze.

Kisha nikaolewa Bungoma. Mume wangu alifanya kazi stesheni ya reli na alirudi nyumbani mwisho wa wiki. Boma la baba yake lilikuwa juu kidogo ya mto Kuywa, karibu mno, hata ukiacha kuongea unausikia ukipita. Tukajaliwa binti. Kabla sijamtoa nje vizuri, mama mkwe akanishika mkono na kunieleza sheria ya nyumba ile: mtoto wa boma hili haingii mtoni. Kifungua mimba wao alikuwa amechukuliwa na mto ule wakati wa mvua, akivushwa na baba yake. Mkono ulimponyoka. Mzee hakuwahi tena kutia mguu Kuywa; hata ng'ombe wake walinyweshwa na watu wengine.

Sasa, ningejadilianaje na mzee yule? Kwetu mwanamke na baba mkwe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, na mkikutana njiani unaingia kwenye nyasi hadi apite. Ukiwa na neno unampitishia mtu mwingine. Mtoto akiwepo, unamwambia mtoto, na mzee anasikia. Kwamba mtoto mwenyewe hajui kusema hakumsumbui mtu yeyote.

Basi mzee alikuwa akiketi nje ya jiko langu, mgongo kwa ukuta, amempakata mjukuu wake, nami niko ndani napepeta mtama.

"Kabibi, ambia mama yako mtoto wa hapa haingii mto."

"Mtoto wangu, mwambie kuka, juzi ulitambaa mpaka njia ya mto na hakuna mtu alikuona." Kuka ndivyo watoto wetu wanavyomwita babu.

"Ambia mama yako afunge mlango."

"Mwambie kuka, mlango utafungwa mpaka lini?"

Mwanangu yuko katikati, anatafuna kichwa cha bakora ya mzee.

Tuliendelea hivyo msimu mzima. Nina mdomo, nilizaliwa nao, lakini moyoni nilikuwa naumia. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu, na wangu mwenyewe, anayelala mahali mto unaposikika, nilikatazwa. Wala sikuweza kumchukia mzee. Nilimsikia akimwimbia mtoto, sauti imekwaruza, na nilijua wimbo ule alimwimbia mwingine kwanza.

Mto aliukataza. Karai hakulitaja. Kwa hiyo nilimlaza binti yangu kwenye karai kila mchana, kiganja chini ya kisogo, hadi akawa anaelea huku anajinyonya kidole. Mama mkwe alichungulia, akaona, akaenda zake. Sijui alimwambia nini mumewe.

Asubuhi moja nikasikia ukutani, "Kabibi, ambia mama yako nataka kuona kwa macho yangu."

Mama mkwe akaangua kicheko. "Sasa mtafanya aje?" Maana ili amwone mtoto majini, ilibidi anione na mimi, nguo imelowa na kunigandama. Hilo halikuwezekana, hata kama mto ungekauka. Mimi ndiye niliyetoa jibu: "Mtoto wangu, mwambie kuka, basi akushike yeye."

Baadaye akina mama wengi waliniletea watoto wao pale Kuywa, wengine wakitokea Lugulu wakiwa na vichanga mgongoni, na hakuna kichanga kilichonishinda. Mwanafunzi wangu mgumu kuliko wote alikuwa na mvi.

Mto unapopinda pana maji yaliyotulia, na kando yake matete marefu. Niliingia mateteni kwanza, maji yakanifika kiunoni, nikajificha. Kama ningesikia kitu kibaya ningeruka, heshima ingetafutwa baadaye. Mama mkwe alisimama ukingoni awe macho yangu. Kisha nikasikia miguu ya mzee ikiingia majini, polepole, na pumzi zake zikipanda.

"Mtoto wangu," nikasema kutoka mateteni, "mwambie kuka akulaze chali. Kiganja chini ya kisogo."

Maji yakachezacheza.

"Mwambie kuka aimbe."

Alianza wimbo ule, akakwama, akaanza tena.

"Mwambie kuka alegeze mkono. Akikaza, nawe utajikaza."

Wimbo uliendelea. Nikangoja hadi niliposikia sauti yake imetulia. Mikono yangu mwenyewe ilikuwa imeshika matete mpaka ikachubuka.

"Sasa mwambie kuka aachilie."

Wimbo ukakatika. Nikasikia maji tu yakipita kwenye matete. Nikashindwa kuvumilia. "Mama, unaona nini?"

"Sioni kitu!" akalia mama mkwe. "Mimi nimefunika macho na leso!"

Nilikuwa nimeshainua mguu niruke. Ndipo nikasikia sauti ya mzee, ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia alipoketi nje ya jiko langu.

"Kabibi," akasema, "ambia mama yako nimeachilia."

Akavuta pumzi.

"Ambia yeye bado uko hapa."