Dirisha Jeusi la Dobi

Mchana kutwa mwanamke huyu aliishi ndani ya weupe. Alikuwa dobi wa hoteli kubwa, na chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, mahali ambapo mashuka meupe na taulo nyeupe vilimiminika kutoka ghorofani kupitia bomba la bati, kana kwamba huko juu kuna mtu anayevizaa. Kazi yake ilikuwa pasi ya mvuke. Wageni hawakumjua. Walichojua ni kwamba shuka halina mkunjo, wakadhani shuka huzaliwa hivyo. Wenzake nao walishaacha zamani kumwita kwa jina. Walimwita Dobi, likamganda.

Labda ndiyo sababu nyumbani kwake alitaka giza. Siku moja aliona kwenye gazeti picha za majumba ya mawe ya kale, ya mtindo wa kigothi, yenye madirisha marefu yaliyochongoka juu kama viganja vilivyokutanishwa kwa sala. Akayapenda papo hapo. Kuyajenga hakuweza, ila kufuma aliweza. Akafuma popo wa uzi mweusi, akamning'iniza juu ya taa. Ukafuata utando wa buibui kwenye pembe ya sebule, kisha mito ya kochi yenye waridi jeusi, na hata birika la chai likavishwa kofia yenye masikio ya popo.

Mume wake, fundi friji, kila jioni alisimama mlangoni na kuvua kofia kwa heshima.

"Poleni na msiba," anasema. "Tunazika saa ngapi?"

"Tutakuzika wewe usipofuta miguu."

Jumamosi alasiri Dobi alikwenda kwa Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa ushonaji, na sebule yake ilikuwa imegeuka darasa la marafiki: huyu anajifunza kudarizi, yule kufuma kwa sindano mbili, mwingine anakuja kwa sababu ya maandazi. Alikuwepo pia Dereva wa gari la wagonjwa, pande la mtu, aliyefuma soksi za wanawe kwa sindano zilizopotea kabisa ndani ya viganja vyake.

Katikati ya sebule lilikaa kapu. Watu walitia humo masweta yaliyotoboka na skafu zilizochoka, na aliyehitaji uzi alichukua, akafumua. Kilichomo kapuni ni cha wote. Mwalimu hakuwa na sheria nyingine.

Wakati huo Dobi alikuwa akifuma kazi kubwa kuliko zote za maisha yake: dirisha zima la kigothi la kutundikwa ukutani, lenye nguzo nyembamba na ua la duara juu. Uzi ukamwishia kabla ya kufika kwenye ua. Dukani uzi mweusi uliobaki ulikuwa na ubuluu ndani yake, na jicho la Dobi halikudanganyika kwa rangi.

Jumamosi ya wiki hiyo ndipo alipokuja Msusi kwa mara ya kwanza. Alikuwa msusi wa saluni ya mtaa wa pili, mrefu kama mlingoti, mwenye aibu ya mgeni. Alikaa pembeni, hakusema mengi, akaondoka na wenzake. Dobi alikuwa wa mwisho kukusanya vitu vyake. Mwalimu alikuwa nje akiwasindikiza wengine. Hapo Dobi akaona shali.

Lilikuwa jeusi kwelikweli, na lilikuwa juu ya stuli kando ya kapu. Pembe yake moja iligusa ukingo wa kapu. Dobi aliitazama pembe ile kama wakili anayetafuta mlango wa kumtolea mteja wake. Akalinyanyua. Upande mmoja lilikuwa halijakamilika, na vitanzi vya mstari wa mwisho vilikuwa vimepitishiwa uzi mwekundu ili visifumuke. Yeyote aliyewahi kushika sindano anajua maana ya uzi huo: mwenye kazi hii atarudi. Hakuna anayevifunga vitanzi vya nguo anayoitupa.

Dobi aliuona uzi mwekundu. Akalitia shali mkobani.

Nyumbani alivuta uzi ule, ukatoka wote bila ubishi. Kisha akafumua. Kila baada ya muda vidole vyake vilikuta fundo dogo mahali bonge moja la uzi lilipoisha na jingine likaanza, fundo bapa, gumu, lisilo na mkia. Alijaribu kulifungua kwa ncha ya sindano, likagoma. Akayaacha mafundo kama yalivyo, na alipofuma ua lake la duara aliyasukuma yote upande wa nyuma. Lakini uzi uliofumuliwa hubaki na mawimbi, hauachi kukumbuka ulivyokuwa. Kwa hiyo kabla ya kuufuma aliupeleka kazini, akaupitisha kwenye mvuke. Mkono uliozoea kufuta mikunjo ya wageni ukafuta na hiyo. Uzi ukanyooka kama mpya.

Jumamosi iliyofuata Msusi alisimama katikati ya sebule, mikono haijui pa kukaa.

"Jamani, kuna aliyeona shali jeusi? Nililiweka pale kwenye stuli."

"Lako?" Mwalimu aliuliza.

"La marehemu mama. Alikuwa analifuma alipoanza kuugua, halikuisha. Ndiyo maana nimekuja kwenu. Nataka nijifunze, nilimalizie."

Watu wakainuka. Mito ikageuzwa, kapu likamwagwa. Dereva alijichomeka chini ya kochi, akakwama, ikabidi avutwe miguu, na hata Msusi akacheka. Dobi naye alitafuta. Aliinama chini ya meza akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana huko hakuna aliyeuona uso wake. Angeweza kusema wakati ule. Neno lilimfika kooni. Lililotoka lilikuwa jingine.

"Labda limekudondoka njiani, mdogo wangu. Si ulipanda basi?"

"Nilipanda." Msusi alifikiri kidogo, mabega yakamshuka. "Basi nimelipoteza mwenyewe. Mama alikuwa akisema sina mikono, kila kitu kinaniponyoka."

Kuiba ni kubaya. Lakini kumwibia mtu halafu ukamtwisha na lawama, akaenda nazo kwake akalala nazo, ni jambo ambalo hata jina lake Dobi hakulijua. Alijua uzito wake tu. Kuanzia siku hiyo alimshika Msusi kama yai. Alimpa sindano zake nzuri, akakaa ubavuni pake, akamfundisha kuanza mstari, kuongeza kitanzi, kupunguza. Hakukasirika hata Msusi alipokosea kosa lile lile mpaka Mwalimu mwenyewe akakunja uso.

"Dada, we una moyo," Msusi alimwambia. "Sijui nikulipe nini."

"Acha hayo. Angalia sindano."

Nyumbani hakulikamilisha dirisha kwa furaha. Alilikamilisha ili liishe. Mume wake alilitazama, safari hii bila kuvua kofia.

"Hili ni zuri, mama," alisema. "Kwa nini unaliangalia kama linakudai?"

Dobi akasema ana njaa, akaingia jikoni, akasahau kula.

Basi Jumamosi moja bonge la Msusi lilimwishia mkononi. Bila kumwuliza mtu alichukua bonge jipya, akaziweka ncha mbili sambamba, akazungusha kidole, akavuta kwa meno. Fundo likakaa bapa, bila mkia.

"Hebu nione," Mwalimu alisema. "Hilo mimi sijawahi kulifundisha. Umelitoa wapi?"

"Kwa mama. Hata nywele za wateja nafungia hilo hilo. Halifunguki, labda ukate."

"Kumbe mikono unayo," alisema Dereva.

Wote wakacheka. Sindano ya Dobi ilikuwa imesimama hewani.

Mwalimu akatangaza habari yake: wamepewa ukumbi wa maktaba waonyeshe kazi zao. Dirisha la Dobi litakaa katikati. Msusi, kwa urefu wake, ndiye atakayetundika kila kitu.

"Langu nitalitundika mwenyewe," Dobi alisema haraka.

"Kwa ngazi ipi? Mwachie mwenzio."

"Nitakuja mapema."

Akaja mapema kweli, na mkasi mfukoni. Ukumbi ulikuwa mtupu, unanuka dawa ya sakafu. Alilitandaza dirisha juu ya meza, akaligeuza. Yale mafundo yalikuwa pale, nyuma ya ua la duara, yamekaa kimya kama watu wanaongoja kuitwa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: akate, aunge ncha kwa njia yake, apitishe mvuke, na duniani pasingebaki shahidi. Angeendelea kuitwa dada. Angemfundisha Msusi shali jingine, zuri zaidi pengine, na jioni wangekunywa chai.

Akafungua mkasi, akaingiza ncha chini ya fundo la kwanza.

Aliyelifunga fundo lile hakuwepo tena kulifunga upya. Hilo ndilo lililomshika mkono. Shali alishaliua. Yalibaki mafundo haya, na hata hayo alikuwa ameyaletea mkasi. Akaona aibu zaidi kuliko siku ile chini ya meza, maana leo hakuwepo wa kumwona isipokuwa yeye mwenyewe. Akaufunga mkasi. Akapanda juu ya kiti, akalitundika dirisha katikati ya ukuta, nyuma yake ikitazama ukumbi.

Msusi aliingia amebeba boksi la mito.

"Dada, umelitundika kinyume." Akacheka, akaweka boksi chini, akanyoosha mkono wake mrefu aligeuze. Mkono ukapita juu ya ua la duara. Ukarudi. Kidole chake kikasimama kwenye fundo, kikaenda kwenye jingine.

Dobi alikuwa bado amesimama juu ya kiti. Akaona haya kuongea kutoka juu, akashuka.

"Ni mimi," alisema. "Nililichukua nikalifumua."

Msusi hakugeuka. "Lilikuwa kwenye stuli."

"Lilikuwa kwenye stuli. Na uzi mwekundu niliuona."

"Halafu ukaniambia basi."

"Nikakwambia basi."

"Nimekwenda mpaka kituo cha mabasi, dada. Nimewasumbua makondakta mpaka wakanipa jina, wananiita Shali." Sauti yake haikupanda. Ingepanda, Dobi angepata nafuu.

Mwalimu na Dereva waliingia na viti, wakaona nyuso, wakaona dirisha lililogeuzwa. Mwalimu alilisogelea, akainamisha miwani, na kwa kuwa alikuwa amefundisha vidole vya watu maisha yake yote, hakuhitaji kuelezwa. Akaweka kiti chini polepole.

Msusi alilishusha dirisha, akaliweka mapajani.

"Ulimalizia wapi?"

Dobi akamwonyesha. Akatoa mkasi, akakata pale tu, kwenye fundo lake yeye mwenyewe.

"Jamani, wageni wako njiani," Dereva alisema kwa upole. "Pale katikati tunaweka nini?"

"Patakaa wazi," Mwalimu alisema.

Msusi alishika ncha. "Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Nyoosha mikono."

Dobi alinyoosha mikono yote miwili, viganja vikitazamana, kama mtu anayefungwa pingu. Msusi akaanza kufumua, akizungusha uzi mikononi mwa Dobi duru baada ya duru. Kila fundo la mama yake lilipofika alisimama, akalipapasa, kisha akaendelea. Wageni waliingia, wakatazama mito na popo, wakawapita.

Uzi ulitoka na mawimbi. Msusi akauinua kwenye mwanga wa dirisha la kioo, akautazama kwa muda, na Dobi akajua anachokitafuta ndani yake. Hakikuwemo. Mawimbi yale yalikuwa ya dirisha. Ya shali alikwisha kuyafuta yeye, kwa mvuke wake, na hakuacha hata moja.