Mama Ntumba na Watoto wa Meno

Kila Juni, baridi kavu ilipoanza kuuma Lubumbashi, marehemu Mama Ntumba alivaa sweta lake la zambarau, akachukua daftari na kupita nyumba kwa nyumba akiuliza kama kuna mtoto mgonjwa. Virusi vya tumbo vinavyoharisha watoto hurudi majira hayo, na yeye ndiye aliyekuwa jicho la kituo cha afya mtaani. Hakulipwa. Aliiita kazi ya Bwana.

"Mama Kuhara anapita! Mufiche batoto!" majirani walimtania.

"Mucheke tu. Mutaniita mbio!"

Jumatatu moja alimpelekea muuguzi Dominique hesabu ya wiki: watoto watatu wanaohara. Dominique alipaswa kutuma ripoti kwa simu kabla ya saa sita mchana. Watatu ni kawaida, alisema. Kwa watatu, ofisi ya zone ya afya haileti dawa.

Saa nne Mama Ntumba akapitia nyumbani kunywa chai. Mkwe wake Abigaïl alikuwa amembeba Ruben, mjukuu wa miezi tisa. Mtoto alikuwa akilia, lakini mashavu yalikuwa makavu. Bibi akamgusa utosi. Ulikuwa umebonyea: mwili ulikuwa umekauka maji.

"Anahara toka lini?"

"Toka juzi, mama. Na kutapika. Ni meno tu inatoka."

"Na haukuniambia?"

"Weye unaulizaka mutoto mugonjwa. Huyu haiko mugonjwa, iko anaota meno."

Mama Ntumba alifungua daftari lake. Wiki nzima aliambiwa, "Wote wazima, mama, kadogo tu kanaota meno," naye akashukuru na kupita. Katika nyumba ngapi?

Alimnyakua Ruben, wakakimbia hadi kituoni, zaburi ikimkatika mdomoni kwa kukosa pumzi. Dominique alichanganya maji ya dawa. Kijiko cha kwanza mtoto alikitapika. Cha pili pia. Cha tatu kikakaa.

"Abigaïl, umunyweshe pole pole, usiache. Dominique, uchukue choo yake, iende kupimwa labo. Na ripoti usitume."

"Mama, inabakia saa moja tu!"

"Hiyo saa moja ndiyo nataka."

Kumwacha mtoto katika hali ile kulimkata maini, lakini aliondoka. Alirudi kwenye nyumba zilezile na swali jipya: "Hapa ni nani anaota meno?" Akina mama walijibu bila woga. Wakishamtaja mtoto, ndipo alipouliza choo chake kikoje.

Zikiwa zimebaki dakika saba alitupa daftari mezani. Watoto ishirini na mmoja. Dominique alitazama ukurasa, akajifuta uso, akatuma.

Ndipo Mama Ntumba alipothubutu kugeukia benchi alipokaa Abigaïl na mtoto. Ruben alikuwa akilia tena, na safari hii machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni. Bibi akapiga magoti palepale kwenye saruji.

Jumatano pikipiki ya zone ilileta maboksi ya dawa.

Baada ya mazishi ya Mama Ntumba, mwaka huu, daftari lile lilikutwa chini ya Biblia. Katika ukurasa wa siku hiyo, mstari wa mwisho, ameandika: "Nyumba yangu: mmoja. Sikuuliza."