Kikombe cha Chumvi

Kwenye shamba la maua ya pareto juu ya Subukia, upande wa Kabazi, daktari wetu alikuwa mke wa mwenye shamba. Hakusomea udaktari popote. Alikuwa na baraza, kengele na chupa kubwa ya chumvi ya kuharisha, na miaka ile ya hamsini hivyo vilimtosha mzungu kutibu watu weusi. Ukiumwa kichwa, unakunywa chumvi. Ukikohoa damu, unakunywa chumvi. Kwake Mwafrika mgonjwa alikuwa mvivu anayehitaji kwenda choo.

Mimi nilikuwa dresa wake. Nilikuwa nimefunzwa kusafisha na kufunga vidonda katika hospitali ya misheni, lakini pale kazi yangu ilikuwa kukoroga. Kila asubuhi watu walipanga foleni chini ya baraza, nami nikapitisha kikombe kimoja cha bati, mdomo hadi mdomo. Memsabu, ndivyo tulivyomwita, alikuwa na sheria moja tu: kikombe kirudi kitupu. Mtu akishameza alifungua kinywa aonyeshe, kisha akasema asante. Nyapara alisimama kando na fimbo yake, akichungulia vinywa vya watu kama mnunuzi wa punda. Yeye mwenyewe hakuwahi kuonja hata tone.

Niliwadharau wote wawili, lakini kimoyomoyo, maana niliwaogopa zaidi. Siku zile za hali ya hatari, ukifukuzwa shambani ulitupwa barabarani na mke na watoto, bila pasi ya kutembelea, na askari wa kwanza kukuona alikupeleka kizuizini. Kwa hiyo nilikoroga.

Asubuhi moja mama mmoja, mchumaji wa pareto, aliletwa na mumewe akiwa amejikunja, anatapika. Nilimgusa tumbo upande wa kulia, chini. Lilikuwa gumu, naye akanikamata mkono nisiguse tena. Kule misheni hata wafagiaji walijua kwamba tumbo la namna hiyo halipewi dawa ya kuharisha. Mtu hupelekwa akapasuliwe, na upesi.

"Memsabu, huyu aende Nakuru," nikasema. "Akinywa chumvi atakufa."

"Wewe hapana daktari," akanijibu kwa kile Kiswahili chake cha kuamrishia wapishi. "Patia yeye dawa mingi."

Pikapu ilikuwa pale pale, dereva ameshaiwasha. Ilikuwa inakwenda Nakuru kumpeleka mbwa wa memsabu kwa daktari wa mifugo, kwa sababu mbwa alikuwa amechomwa na mwiba. Mbwa alikuwa amekaa kwenye mlango wa gari na bendeji safi mguuni. Niliifunga mimi, kwa amri.

"Koroga, we kijana," nyapara akasema. "Usituletee mambo ya misheni hapa. Ama unataka kulala wapi leo?"

Nikakoroga. Kijiko kikawa kinagonga bati, na foleni nzima ikasikia. Mume wa yule mama alinitazama tu, maana naye alikuwa na watoto wa kutupwa barabarani. Nikapiga magoti mbele ya mgonjwa, nikainua kikombe, nikakinywa mwenyewe, chote. Kisha nikasimama, nikafungua kinywa kumwonyesha memsabu, nikasema asante, nikamrudishia kikombe chake kitupu.

Watu hupenda kusimulia jinsi woga ulivyowatoka. Wangu haukutoka hata kidogo.

Memsabu aligeuka mwekundu, akamwamuru nyapara anishike. Nyapara akaitazama foleni. Watu walikuwa wameweka vikapu vyao vyote vya kuchumia chini. Pareto ilikuwa imechanua kilima kizima, inangoja kuchumwa. Memsabu hakujua lolote kuhusu matumbo, lakini pareto aliijua.

"Weka yeye gari," akasema mwishowe. "Nyuma. Mbwa kaa mbele."

Basi mbwa akakaa mbele. Mama yule tukamlaza nyuma juu ya magunia, mumewe akimshika kichwa, wakateremka kwenda mjini.

Dereva aliporudi jioni alinipa habari akiwa nje ya mlango wa choo, kwa sababu huko ndiko nilikohamia. Mama amepasuliwa kidole tumbo, yu hai. Mbwa naye ametolewa mwiba. Mimi sikufukuzwa. Memsabu angempata wapi mwingine wa kumfungia mbwa bendeji?

Kesho yake kengele ililia barazani, ikalia tena, na hakuna aliyekwenda. Foleni ilikuwa mlangoni pangu. Wa kwanza kabisa alikuwa nyapara, hana fimbo, ameshika tumbo, anataka nimguse upande wa kulia.

"Ngoja hapo, mzee," nikamwambia, nikampita mbio kurudi chooni.