Maji Chini ya Ploti ya Dalmas

Lornah Aoko aliwaogopesha watu pasipo kutaka. Akishuka mtoni na buti zake za mpira na sanduku la chupa, wanawake waliokuwa wakifua waliinua beseni zao wakasogea mbali. Wengine walisema anatia dawa majini. Wengine walisema mjane aliyekataa kurithiwa na ndugu wa mumewe hawezi kuwa na mkono mwema. Yeye aliwasalimia, akajaza chupa, akatia matone ya tindikali ili madini yasishike kwenye plastiki, kisha akapanda baiskeli kuelekea kijito kingine.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika maabara ya maji, Kisumu, tangu mwaka wa themanini na tatu. Alichota maji ya vijito vinavyoingia ziwani ili yapimwe kama yana madini mazito yenye sumu, yale yasiyoonekana kwa macho wala kunusika. Chupa zilipelekwa Nairobi kwenye mashine, na majibu yalichukua miezi kurudi. Ilikuwa kazi ya kungoja, tena ya mtu peke yake.

Mumewe alikufa kabla hawajapata mtoto. Wazee walipotaka arithiwe naye akakataa, boma zima lilimgeukia. Aliyemtetea ni Dalmas, mdogo wa marehemu, yule yule aliyepangiwa kumrithi. "Mwacheni," alisema. "Hata asiporithiwa, bado ni shemeji yangu." Akampa chumba katika ploti yake ya Nyamasaria.

Basi Lornah akapata watu. Jioni alikula kwa Rosa, mke wa Dalmas, ambaye alimwita nyieka, kama wanavyoitana wake wa ndugu. Binti yao mdogo, Anyango, alizoea kusinzia mapajani mwake kabla ugali haujaiva.

Dalmas alinunua betri kuukuu za magari. Alizipasua nyuma ya nyumba, akamwaga tindikali yake chini, akayeyusha kwenye tanuri madini ya risasi yaliyokuwa ndani na kuyamimina yawe vipande vya kuzamishia nyavu. Wavuvi walivipenda. Hatua chache chini ya tanuri lake kilipita kijito.

Mwaka wa tisini na moja majibu yalirudi yakionyesha risasi nyingi kwenye kivuko kilicho chini ya Nyamasaria. Lornah alirudi kuchota tena, safari hii akipanda na kijito kona kwa kona. Majibu ya pili yalikuwa wazi. Juu ya ploti ya Dalmas maji yalikuwa safi. Chini yake hayakuwa. Alikaa ofisini na karatasi ile mpaka mlinzi akaja kufunga mlango.

Jumapili, baada ya kanisa, alimfuata Dalmas nyuma ya nyumba. Rosa alikuwa akianua nguo.

"Shemeji, kazi hii ipeleke mbali na maji. Risasi iko mtoni, na inatoka hapa kwako."

Dalmas akacheka. "Nani amesema? Hizo chupa zako?"

"Na Anyango analia tumbo kila wiki. Rosa, mpeleke apimwe damu. Moshi huu si mzuri kwa mtoto."

Dalmas akaacha kucheka. "Wakati watu walitaka kukufukuza, mimi nilisema nini?"

"Ulisema waniache."

"Basi na wewe niache."

Jioni hiyo Lornah hakuitwa kula. Alingoja, akitumaini Dalmas atahamisha tanuri, lakini moshi uliendelea kupanda. Lornah alijua kwamba angeweza kuiruka kona ile katika ripoti yake, na hakuna ambaye angeuliza. Alijua pia watoto wanaochota chini ya kivuko. Mwishowe akamweleza mkubwa wake, Bwana Gordon, na maafisa wakaja kulifunga tanuri. Dalmas aliwatazama wakibomoa.

Rosa alimpeleka mtoto hospitalini. Daktari alikuta risasi katika damu yake, akasema ahamishwe pale upesi kabla haijamharibu akili. Familia ikaondoka kwenda Muhoroni, ambako Dalmas alipata kazi ya kutengeneza trekta za miwa. Hakumfukuza Lornah. Hakumuaga pia. Nyumba kubwa ilibaki imefungwa kufuli, na Lornah akawa anafagia uwanja wote peke yake, hata mbele ya mlango wao.

Miaka mitano ikapita. Siku moja Rosa alibisha hodi, amekuja mjini kwa shughuli zake. Lornah alipika dagaa wa omena haraka haraka.

"Tumbo la Anyango lilipona, nyieka," Rosa alisema. "Kusoma ndiyo inamshinda. Darasa moja anarudia rudia."

Lornah aliweka mwiko chini. "Na Dalmas?"

"Jina lako halitajwi kwetu." Rosa alikula kidogo, akaangalia mlango. "Hajui nimekuja. Wacha niwahi gari."

Hakurudi tena.

Mwaka huo majibu ya Nairobi yalionyesha kwamba risasi ya kivuko imepungua, imekaribia ile ya vijito vingine. Lornah alimpelekea Bwana Gordon karatasi. "Vizuri, Mama," alisema, akarudi kwenye gazeti lake. Lornah alisimama kidogo mbele ya meza, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwambia, kisha akaenda kuosha chupa.